Jibu la watu waliokaa duara likikataa: pa kutazama kwanza

Swali ni hili: watu wanane wanakaa kuzunguka meza ya duara, na Asha na Mwanaidi hawataki kukaa jirani. Kuna njia ngapi za kuwaketisha wote? Wewe umepata 30240. Nyuma ya kitabu pameandikwa 3600. Umefuta, umeanza upya, imetoka 30240 ileile.

Usifute mara ya tatu. Gawanya jibu lako kwa jibu la kitabu: 30240 ÷ 3600 = 8.4. Iandike pembeni hiyo 8.4. Ndani yake mna makosa mawili yaliyolala pamoja, na kila moja limeacha nyayo zake.

Nimewafundisha jioni wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita kwa muda mrefu, na sehemu hii ya kuhesabu mipangilio huwavunja moyo kuliko hata kalkulasi. Kwenye kalkulasi ukikosea, hatua iliyoharibika huonekana. Hapa mtu anakosea huku kila mstari wa kazi yake unaonekana safi. Wengi huishia kusema hawana kichwa cha hesabu, na hilo linaniuma, kwa sababu karibu kila mara kosa ni lilelile moja linalobadilisha nguo: wamehesabu mstari wakidhani wanahesabu duara. Mstari una ncha mbili. Duara halina hata moja.

Katika maelezo haya alama ya mshangao ni faktoria: 5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120. Na pasipotajwa vingine, mipangilio miwili ni ileile iwapo kila mtu ana jirani yuleyule kulia na jirani yuleyule kushoto.

Uwiano umetoka sawa na idadi ya watu

Watu sita, hakuna sharti lolote, wewe 720, kitabu 120. Uwiano 6.

Weka sinia la pilau katikati ya mkeka, watu sita wamelizunguka. Sasa kila mtu asogee nafasi moja upande wa kulia. Nani amepata jirani mpya? Hakuna. Aliyekuwa kushotoni kwako bado yuko kushotoni kwako, na sinia halina kichwa wala miguu ya kukuonyesha kwamba mmesogea. Ukihesabu 6! umeuhesabu mpangilio huohuo mara sita, mara moja kwa kila msogeo. 720 ÷ 6 = 120, ambayo ni 5!.

Tiba yake: mketishe mtu mmoja kwanza, popote, wala usimhesabu. Yeye ni kigingi. Waliobaki watano sasa wana maana ya kulia na kushoto, na wanapangwa kwa njia 5!. Nawahimiza wanafunzi washike kigingi kuliko kukariri kwamba kwa watu n jibu ni (n − 1)!, kwa sababu kanuni hiyo huwaacha njiani pindi sharti linapoingia, ilhali kigingi huenda nao hadi mwisho.

Na mwenye masharti ndiye anayefaa kuwa kigingi. Rudi kwa Asha na Mwanaidi. Mketishe Asha. Zimebaki nafasi saba, mbili kati yake zipo ubavuni mwake, kwa hiyo Mwanaidi ana nafasi 5. Wengine sita wanajaza zilizobaki kwa njia 6!, yaani 720. 5 × 720 = 3600. Umemaliza kwa mistari miwili.

Jibu lako dogo, la kitabu kubwa mara n

Hapa umegawanya pasipohitajika. Soma swali tena utafute kitu kinachotofautisha viti: vina namba, kimoja kiko karibu na mlango, kimoja kinatazama jukwaa, kimoja kina rangi yake. Kiti kimoja tu kikiwa na alama, kusogea nafasi moja kunaonekana, na watu sita wana njia 720 kamili.

Ila tofautisha haya mawili. Kiti cha mwenyekiti kipo na yeyote anaweza kukikalia: 6!. Kiti cha mwenyekiti kipo na mwenyekiti mwenyewe lazima akikalie: 5!, kwa kuwa ameshakaa na wamebaki watano. Hili la pili linafanana na jibu la sinia kwa namba, lakini si kwa sababu ileile.

Uwiano wenye desimali: ile 8.4

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kama kosa lingekuwa kusahau kuzungusha tu, uwiano ungetoka 8 barabara, kwa kuwa watu ni wanane. 3600 × 8 = 28800. Wewe una 30240. Zimezidi 1440. Zimetoka wapi?

Tazama ulivyofanya. Ulichukua 8! = 40320, ukatoa mipangilio ambayo Asha na Mwanaidi wako pamoja: uliwafunga kama mtu mmoja, wakawa saba, 7! × 2 = 10080. 40320 − 10080 = 30240. Kwa watu waliopanga foleni, hesabu hiyo haina doa.

Lakini sasa chukua foleni hiyo uipinde iwe duara. Mtu wa kwanza na mtu wa nane, waliokuwa mbali kuliko wote, wamegusana mabega. Kama Asha alikuwa mwanzoni na Mwanaidi mwishoni, kwenye foleni uliwapitisha, ukasema hawa hawapo jirani. Kwenye duara ni jirani kabisa. Wapo wangapi wa namna hiyo? Asha ncha moja na Mwanaidi ncha ya pili, au kinyume chake, njia 2. Wengine sita katikati, 720. 2 × 720 = 1440. Ndizo hasa zile zilizozidi.

Kwa hiyo uwiano usio namba kamili unakuambia kwamba ulipohesabu nani ni jirani ya nani, ulitumia ujirani wa mstari. Watu wanane mstarini wana jozi saba za majirani. Duarani wana nane. Jozi hiyo moja ya ziada ndiyo inayosumbua, na utakutana nayo tena mwisho wa makala hii mahali usipoitarajia. Kuligawanya jibu la mstari kwa 8 hakutakuponya. 30240 ÷ 8 ni 3780, namba ambayo si jibu la swali lolote lililoulizwa hapa.

Uwiano wa 2, au nusu

Huu una asili tatu na lazima uzitofautishe, maana ukitibu isiyokuwepo utaongeza ugonjwa.

Ya kwanza: umefunga watu wawili pamoja ukasahau kwamba ndani ya fungu wanaweza kubadilishana. Asha na Mwanaidi wapatane, watake kukaa bega kwa bega. Fungu lao pamoja na wengine sita ni vitu saba, duarani 6! = 720, mara 2 kwa kubadilishana: 1440. Aliyeandika 720 amesahau mara 2. Unaweza kuhakikisha papo hapo: 1440 ya walio pamoja na 3600 ya waliotengana ni 5040, ambayo ni 7!, jumla ya mipangilio yote. Zisipojumlika hivyo, moja ina kasoro.

Ya pili: kupindua. Ukitunga shanga tano za rangi tofauti kwenye uzi, mkufu unaweza kuugeuza nyuma mbele, na kilichokuwa kulia kinakuwa kushoto. Ndiyo maana jibu ni 4! ÷ 2 = 12. Watu waliokaa kwenye mkeka hawageuzwi hivyo. Gawanya kwa 2 pale tu kitu kinapoweza kupinduliwa mkononi, au swali linaposema wazi kwamba mipangilio yenye majirani walewale ni mmoja bila kujali kulia na kushoto. Nimeona wanafunzi wanaogawanya kwa 2 kila wanapoona neno duara. Hilo ni kukariri dawa bila kumpima mgonjwa. Na hata kwa shanga, shanga ziwe tatu au zaidi, kwani kwa shanga mbili (2 − 1)! ÷ 2 ni nusu, na nusu ya mpangilio hakuna.

Ya tatu imejificha zaidi. Wanaume watano na wanawake watatu, na wanawake wawili wasikae jirani popote. Mwanafunzi anawaketisha wanaume kwanza, 4! = 24, kisha anawaingiza wanawake katika nafasi zilizo kati ya wanaume, na anahesabu nafasi sita: 6 × 5 × 4 = 120. 24 × 120 = 2880. Jibu sahihi ni 1440. Anaona mara 2, anarukia kupindua, anagawanya kwa 2, jibu linakubali, anafurahi. Amepona kwa bahati. Wanaume wakiwa sita, kosa hilohilo litampa uwiano wa 210 kwa 120, yaani 1.75, na kugawanya kwa 2 hakutamsaidia kitu.

Kosa lake ni ncha. Wanaume watano mstarini wana nafasi sita: nne za kati na mbili za pembeni. Kwenye duara zile mbili za pembeni ni nafasi moja. Zinabaki tano: 5 × 4 × 3 = 60, na 24 × 60 = 1440. Chora vidoti vitano kwenye duara ujionee.

Jibu limetoka hasi

Hili huwatisha watu kuliko mengine, wakati ndilo kosa lenye huruma kuliko yote, kwa sababu halikuruhusu kuondoka.

Mume na mke, jozi tatu, watu sita kuzunguka meza. Hakuna mume akae jirani ya mkewe. Jumla ni 5! = 120. Jozi moja ikifungwa pamoja: vitu vitano, 4! × 2 = 48. Jozi ni tatu, 3 × 48 = 144. 120 − 144 = −24.

Umetoa kupita kiasi. Mpangilio ambao jozi mbili zimekaa pamoja uliutoa mara mbili, mara moja kwa kila jozi. Kwa hiyo rudisha. Jozi mbili zikifungwa, vitu vinne, 3! × 2 × 2 = 24; namna za kuchagua jozi mbili kati ya tatu ni 3, jumla 72. Sasa ile mipangilio ambayo jozi zote tatu zipo pamoja uliitoa mara tatu, ukairudisha mara tatu, yaani bado imo, itoe. Mafungu matatu duarani, 2! = 2, mara 2 × 2 × 2, ni 16.

120 − 144 + 72 − 16 = 32.

Toa, rudisha, toa. Kwa jozi nne ni hivyohivyo, hatua moja zaidi: 5040 − 5760 + 2880 − 768 + 96 = 1488.

Mwanafunzi mmoja hakuiamini 32. Alisema, "Mwalimu, hizi alama za kujumlisha na kutoa zinapishana kama uchawi." Nikampa vifuniko sita vya soda, tukaviandika kwa kalamu ya wino mzito: A na a, B na b, C na c. Tukaviweka kuzunguka sahani. A akawa kigingi, haguswi. Kisha tukajiuliza a anaweza kukaa wapi. Si kulia wala kushoto kwa A. Kwa hiyo zimebaki nafasi tatu.

Akikaa mkabala na A, kila upande zinabaki nafasi mbili zinazogusana, na upande mmoja lazima upate mmoja wa B na mmoja wa C. Nafasi ya kwanza ina chaguo 4, ya pili ina 2, upande wa pili waliobaki wanapangwa kwa njia 2. Ni 16. Akikaa nafasi ya pili kulia kwa A, kati yao kuna kifuniko kimoja, chaguo 4. Tuseme ni B. Upande mrefu umebaki na b, C na c katika nafasi tatu, na C na c wasigusane, kwa hiyo b lazima akae katikati yao: njia 2. Ni 8. Nafasi ya pili kushoto, vilevile, 8. 16 + 8 + 8. Alikaa kimya akivitazama vile vifuniko, akakiinua b, akakirudisha katikati ya C na c, akaniambia, "Hana pengine pa kwenda." Tangu siku hiyo hakuiita tena uchawi.

Jibu hasi lina ndugu yake: jibu chanya lakini kubwa mno, 104. Hiyo ni 120 − 16, na inajibu swali jingine kabisa: mipangilio ambayo si jozi zote tatu zimekaa pamoja. Kinachotupeleka kwenye lugha.

Hesabu haina kosa, jibu bado halilingani: maneno ya swali

"Watu wanane, Asha, Mwanaidi na Rukia wasikae pamoja." Kiswahili hiki kinabeba maana mbili. Ya kwanza: wasiwe watatu kwa mfululizo, ila wawili kati yao wakigusana si neno. Kuwafunga wote watatu ni 5! × 3! = 720, na 5040 − 720 = 4320. Ya pili: asiwepo yeyote kati yao aliye jirani na mwenzake. Wengine watano kwanza, 4! = 24, nafasi tano za kati, 5 × 4 × 3 = 60, jibu 1440.

Tofauti ni mara tatu na hakuna aliyekosea kuhesabu. Ukiwa wewe ndiye unayetunga swali, andika "wasiwepo wawili kati yao walio jirani" au "wasikae wote watatu kwa mfululizo". Ukiwa mtahiniwa na swali halisemi wazi, andika tafsiri uliyoichukua kabla ya kuhesabu.

Na jihadhari na mtu anayehusika katika masharti mawili. Watu sita, Asha akae jirani ya Mwanaidi, na Mwanaidi akae jirani ya Rukia. Hayo si mafungu mawili. Ni fungu moja la watatu lenye Mwanaidi katikati, ambalo linaweza kugeuzwa kwa njia 2 tu. Fungu na wengine watatu ni vitu vinne, 3! × 2 = 12. Aliyepata 24 alimpa Mwanaidi miili miwili.

Kupishana mwanamume na mwanamke

Kwenye masinia ya harusi za pwani swali hili halizuki, kwa kuwa wanaume na wanawake hula mbalimbali. Tuhamie meza ya ukumbini. Wanaume wanne, wanawake wanne, wapishane. Jibu ni 3! × 4! = 144: kigingi ni mwanamume mmoja, wenzake watatu wanapangwa, kisha wanawake wanajaza nafasi nne.

Ukipata 576, hukupiga kigingi. Ukipata 288, umezidisha kwa 2 ukiuliza aanze mwanamume au mwanamke. Duarani hakuna wa kuanza. Ukipata 36, umepiga vigingi viwili, kimoja kwa wanaume na kimoja kwa wanawake. Hili la vigingi viwili huwapata wanafunzi waangalifu hasa, wale wanaoogopa kurudia. Kigingi cha kwanza kikishaingia, duara limetulia, kila nafasi ina jina lake. Kumzuia mwanamke mmoja tena ni kuitupa mipangilio halali.

Ukifanya kwa mstari, 2 × 4! × 4! = 1152, ukagawanya kwa 8, unapata 144 sahihi. Mbona hapa imekubali na kwa Asha na Mwanaidi ikakataa? Kwa sababu foleni ya kupishana yenye watu wanane ina mwanamume ncha moja na mwanamke ncha ya pili. Ukiipinda, ncha zinakutana bila kuvunja sharti. Jaribu wanawake watano na wanaume wanne. Mstarini 5! × 4! = 2880. Duarani, sifuri. Ncha zote mbili ni wanawake, nao wamegusana.

Mafungu yanapomaliza duara

Wanaume wanne wakae pamoja, wanawake watatu wakae pamoja. Mafungu mawili. Wengi huandika 2! × 4! × 3! = 288. Mafungu mawili duarani yana mpangilio 1 tu, kwa hiyo ni 4! × 3! = 144. Kuna njia nzuri ya kujihakikishia: ukitaka wanawake tu wakae pamoja, wanaume watajikuta pamoja wenyewe, hawana pengine. Fungu la wanawake na wanaume wanne ni vitu vitano, 4! × 3!, tena 144.

Watu wote wakiwa fungu moja, usiandike 5! kwa watano. Fungu lililozunguka duara zima limeshajiuma mkia. Limekuwa duara la kawaida, 4!.

Jibu limetoka na sehemu

Shanga sita kwenye bangili, tatu nyekundu na tatu nyeupe. Mstarini ni 6! ÷ (3! × 3!) = 20. Ukigawanya kwa 6 unapata 3.33.

Kugawanya kwa 6 kunadai kwamba kila mpangilio umehesabiwa mara sita. Watu wako hivyo, kwa sababu hakuna wawili wanaofanana. Shanga zinafanana. Ile bangili ya nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe ukiisogeza hatua mbili inajirudia, hivyo katika zile 20 imeonekana mara 2 tu. Zile 20 ni 6 + 6 + 6 + 2, na makundi ni manne. Jibu 4. Ukiruhusu kupindua, mawili kati yake ni kivuli cha mwenzake kwenye kioo, yanabaki 3.

Shanga zikiwa nyingi, tumia kanuni inayoitwa kwa jina la Burnside: kwa kila msogeo, hesabu mipangilio ya mstari isiyobadilika, jumlisha, gawanya kwa idadi ya misogeo. Hapa, kuanzia kutosogea hadi hatua tano: 20 + 0 + 2 + 0 + 2 + 0 = 24, na 24 ÷ 6 = 4.

Masharti mawili umeyazidisha kana kwamba hayajuani

Sasa changanya: wanaume na wanawake wapishane, na mume asikae jirani ya mkewe. Hili ni swali lenye historia. Mfaransa Édouard Lucas alilichapisha mwaka 1891, Touchard akatoa kanuni yake mwaka 1934, na Kaplansky akaithibitisha mwaka 1943. Likisumbua, usijilaumu haraka.

Kosa la kawaida ni kuchukua sehemu ya mipangilio inayotimiza sharti moja na kuizidisha kwa sehemu inayotimiza la pili. Masharti haya yanashikana mikono. Kupishana kunabadilisha nafasi alizonazo mume.

Jozi tatu unaweza kuziona kwa macho. Waketishe wake watatu, njia 2!. Kila nafasi kati ya wake wawili ina mume mmoja tu anayekubalika, yule ambaye mkewe yuko mkabala. Jibu 2. Jozi nne: wake kwa njia 3! = 6. Kila nafasi ina waume wawili wanaokubalika, lakini ukimchagua mmoja wa nafasi ya kwanza, nafasi nyingine zote zinalazimika, moja baada ya nyingine. Njia 2, si 16. Jibu 6 × 2 = 12.

Kwa jozi nyingi macho hayatoshi, na hapa toa-rudisha-toa inarudi. Kwenye viti vinane vya duara, ni kwa njia ngapi unaweza kuchagua jozi za viti jirani, pa kumweka mume na mkewe pamoja, bila jozi mbili kutumia kiti kimoja? Bila jozi, 1. Jozi moja, 8. Mbili, 20. Tatu, 16. Nne, 2. Kila moja izidishe kwa faktoria ya waume waliobaki huru: 1 × 24, 8 × 6, 20 × 2, 16 × 1, 2 × 1. Kisha 24 − 48 + 40 − 16 + 2 = 2, ileile tuliyoiona kwa macho. Kwa jozi tano utapata 13, mara 4! ni 312.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowaangusha watu. Wanaandika 7 badala ya 8, kwa sababu viti vinane vilivyopangwa mstari vina jozi saba za jirani. Kiti cha nane na cha kwanza wamevisahau. Ni Asha na Mwanaidi walewale, kwenye ncha za foleni ileile.

Mwaka 1986 Bogart na Doyle walionyesha kwamba ugumu mwingi wa swali hili ulitokana na mazoea ya kuwaketisha wanawake kwanza, na kwamba bila mazoea hayo kanuni inapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa jozi tatu au nne haina madhara, wake kwanza ni sawa. Zikizidi hapo, anza na jozi za viti.

Na ukipata 12 kwa jozi nne halafu ukakuta mahali pameandikwa 96, gawanya. Ni mara nane kamili, na watu ni wanane. Aliyeandika 96 amevipa viti namba.